Miti Iliyobeba Misikiti Yetu



Ukiingia msikiti wa zamani kule Lamu, ule ambao dari yake haijabomolewa, swali tahiyyatul masjid kisha inua macho juu. Utaona miti ya mviringo imepangwa safu safu, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Hizo ndizo boriti, na boriti ni mkoko. Sisi wanafunzi wa historia tunapenda sana kusoma habari za masultani, Wareno na Waomani. Lakini huu mti uliokaa juu ya vichwa vya wenye kuswali kizazi baada ya kizazi, nani anauliza habari zake?

Tuanzie Madina kwanza. Mtume (S.A.W.) alipohamia huko mwaka 622 alijenga msikiti wake kwa alichokikuta. Nguzo zilikuwa magogo ya mtende na paa lilikuwa makuti yake. Abu Said al-Khudri (R.A.) amepokea kuwa usiku mmoja wa kumi la mwisho la Ramadhan mvua ilinyesha, paa likavuja, na asubuhi Mtume akaonekana ana alama ya tope kwenye paji la uso kwa kusujudu. Huo ndio msikiti bora baada ya Makka, na ulikuwa unavuja! Na kuna kisa cha lile gogo ambalo Mtume alikuwa akiliegemea anapotoa khutba. Alipotengenezewa mimbari akaliacha, gogo lile likalia mpaka masahaba wakalisikia, naye akashuka akaliwekea mkono likatulia. Kisa hiki kimo katika Sahih Bukhari. Tunakihadithia sana katika Maulidi, watu wakatokwa na machozi, halafu kesho yake mtu akikata mti hata hafikirii kwamba ni kiumbe kama lile gogo, kinachomsabihi Mola wake.

Sasa turudi kwetu. Katika kisiwa cha Pate kuna magofu ya mji wa Shanga. Mtaalamu Mark Horton alichimba hapo miaka ya 1980, na chini ya msikiti wa mawe akakuta alama za misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine. Ule wa chini kabisa, wa mwisho wa karne ya nane, haukuwa wa mawe. Ulikuwa wa miti na udongo, yaani kilichobaki ni matundu ya nguzo ardhini tu. Nikisoma habari hii huwa nafikiria Madina moja kwa moja. Uislamu ulipofika pwani hii ulianza vilevile, chini ya kivuli cha mti uliokuwa karibu. Mawe yalikuja baadaye, na hata yalipokuja hayakuachana na mti. Chokaa ilichomwa kwa kuni za mkoko, na paa la mawe likabebwa na boriti za mkoko. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu lakini vyembamba. Fundi hakuwa na hiari. Upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi.

Na mti huu ulisafiri kuliko wengi wetu. Al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya kumi, aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, ndiyo huku kwetu. Bara Arabu na Uajemi pwani yake ni kavu, miti ya kujengea ni shida. Basi majahazi yakishuka na kaskazi yakileta tende na chumvi, yakirudi na kusi yamejaa boriti. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililokwenda mpaka delta ya Rufiji, huko Tanzania, kupakia boriti kabla ya kurudi kwao. Wakuwaiti waliziita chandal, na vyumba vyao vya zamani vilikuwa vyembamba kama vyetu, kwa sababu ileile. Mzee wa Kuwait na mzee wa Lamu walilala chini ya mti mmoja na hawakujuana.

Mafuta yalipopatikana Ghuba, saruji na chuma vikachukua nafasi ya boriti, ingawa biashara haikufa papo hapo. Kwetu serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Lakini mtu akidhani mkoko ulipona kwa hilo, aende akaulize Gazi, kule Kwale. Miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mikoko ya Gazi ilikatwa yote kabisa kwa ajili ya kuni za viwanda. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mkataji wa Lamu huchagua. Ana majina ya mti kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Akitaka pau hakati fito, na anayetaka mataruma ya dau anatafuta mlilana. Mwenye tanuri hana majina hayo. Kwake yeye yote ni kuni.

Nasema hivi kwa sababu siku hizi ukizungumzia mazingira, wa kwanza kulaumiwa ni mkataji maskini. Mwaka 2018 serikali ilipositisha ukataji wa miti katika misitu yote ya umma, familia za Lamu zinazoishi kwa boriti zilibaki bila kitu, mpaka mwaka uliofuata marufuku ikalegezwa kwao. Dini yetu inasemaje? Katika Sunan ya Abu Dawud kuna hadithi yenye onyo kali la moto kwa mwenye kukata mkunazi. Abu Dawud mwenyewe alipoulizwa maana yake alieleza kwamba ni yule anayekata mkunazi wa jangwani ambao msafiri na mnyama hupata kivuli chake, akaukata kwa upuuzi na dhuluma, bila haki yoyote. Angalieni vizuri maneno hayo. Kosa ni dhuluma. Anayekata kwa kipimo ili ajenge au alishe watoto hayumo humo. Na anayefyeka wote, awe na shoka au awe na leseni na tingatinga, na ajisomee mwenyewe.

Mkoko una subira ya ajabu. Unaishi mahali ambapo mti mwingine ungekufa kwa wiki. Mizizi yake huzuia chumvi isiingie, na ndugu yake mchu huitoa chumvi kwa majani (ukilamba jani lake utaionja). Mizizi ya mchu huchomoza juu ya tope kama vidole ili ipumue. Lakini subira nayo ina mpaka. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi sana katika mkono wa bahari wa Mwache, pale Mombasa, ukafukia mizizi, na mikoko mingi ikafa imesimama. Udongo ule ulitoka bara, kwenye mashamba na vilima visivyo na miti. Mti wa pwani uliuawa na mti uliokatwa mbali.

Kenya imebaki na zaidi ya hekta 60,000 za mikoko, na zaidi ya nusu iko Lamu. Gazi nako walianza kupanda upya miaka ya 1990, wakisaidiwa na watafiti wa bahari. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalipwa kwa hewa chafu ambayo miti hiyo inaifyonza, na pesa zimeleta maji na kusaidia shule. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, akala humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Haya, hesabu wanaokula kwenye mkoko mmoja: kaa, kamba, samaki wachanga, nyuki, korongo, halafu mvuvi na watoto wake. Sadaka hiyo nani anaweza kuitoa kwa pesa ya mfukoni?

Kwa vijana wa pwani watakaouliza lini: mbegu ya mkoko huota ikiwa bado iko juu ya mama yake, ikianguka ina urefu wa mkono na iko tayari. Inachomekwa tu kwenye tope maji yakiwa yametoka. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapojaa, kwa hivyo katikati ya Ramadhan na karibu na Idd maji hukupwa mbali sana, kiasi cha saa nne asubuhi. Swaumu haizuii, ila viatu acheni nyumbani.