Mwandishi na Asili Yake: Uluguru, Ugogo na Tanga

Mtunzi wa kale wa pwani aghalabu alijitambulisha katika beti za mwisho za utenzi wake: hutaja jina lake, nasaba na mji, kisha huomba dua. Mwandishi wa karne ya 20 hakulikuta jawabu hilo limetengenezwa tayari. Ilimpasa alitunge mwenyewe. Mifano mitatu yatosha kutuonyesha.

Wa kwanza watoka Uluguru, milima isimamayo juu ya Mafiga na mji wote wa Morogoro. Waluguru, yaani watu wa milimani, walihesabu nasaba kuukeni, na ardhi ilikuwa mali ya ukoo. Nazo koo zilifika milimani kutoka pande mbalimbali. Lakini Padre Canute Mzuanda, alipotoa kitabu chake mwaka 1958, alikiita *Historia ya Uluguru*, si historia ya ukoo fulani. Miaka 3 kabla yake, mwaka 1955, wenyeji wa milima hiyo walikuwa wamekataa kulimishwa matuta kwa amri ya serikali ya kikoloni. Kuiandikia nchi hiyo historia moja, wakati kama huo, halikuwa jambo dogo.

Wa pili ni Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917. Mwaka 1954 aliandika historia, mila na desturi za Wagogo. Yeye alianza na watu, si nchi. Hata hivyo mashairi yake aliyatunga kwa Kiswahili, akafuata kanuni za pwani. Katika nathari ni Mgogo. Katika ushairi ni mrithi wa pwani.

Wa tatu ni Shaaban Robert wa Tanga (1909–1962). Ukoo wake hutajwa kuwa wa asili ya Kiyao, bali yeye alijihesabu Mswahili. Katika *Maisha Yangu* mna tenzi mbili za kuwausia wanawe, mmoja wa binti na mmoja wa mwana. Asili yake haikutazama nyuma kwa mababu tu. Ilitazama mbele kwa watoto.

Kiswahili kiliwapa wote hawa wasomaji wa mbali, lakini si bila gharama. Kwa Kiluguru, *tombo* ni titi, na pia ni tawi la ukoo. Ukiandika "tawi" tu, mama ametoweka. Basi mchunguzi asiulize kabila la mwandishi peke yake. Aulize pia ni neno gani lililoachwa nyuma alipovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine.