Kuhamisha Ndimi: Deni la Makerere

Januari 1961, wataalamu wa kufundisha Kiingereza kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda. Uhuru ulikuwa unabisha hodi, na swali lilikuwa moja: Kiingereza kifundishwe vipi kwa watu ambao si lugha yao? Imani iliyotawala ilikuwa kwamba kifundishwe kwa Kiingereza pekee. Lugha ya mwanafunzi ingojee nje.

Imani hiyo haikuzaliwa pale. Shule za kikoloni Kenya zilikuwa tayari zinawaadhibu watoto walionaswa wakiongea lugha za kwao. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi Makerere mwaka huo wa mkutano, aliandika juu ya adhabu hizo katika Decolonising the Mind (1986). Mwaka 1992, Robert Phillipson alizichambua imani tano za Makerere na kuziita potofu. Ya kwanza kwenye orodha yake? Hiyo ya Kiingereza pekee.

Sasa ingia darasa la chuo kikuu leo. Mhadhiri anaeleza nyakati mbili za kitenzi cha Kiingereza. Kimya. Halafu anasema, "Jameni, 'amefika' na 'alifika' ni kitu kimoja?" Vichwa vinainuka. Tofauti waliyodhani ni ngeni wamekuwa nayo mdomoni tangu utotoni, hata kama lugha hizi mbili hazilingani kila mahali.

Lakini kuna mtego. Mhadhiri akihamia lugha ya kwao, wenzake wa kijijini watacheka na wengine watajiuliza kama wako darasa lao kweli. Hapa Kenya tunajua uchungu wa kuachwa nje ya mazungumzo. Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 inakitambua kama lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kina nafuu, ingawa mwanafunzi aliyetoka nchi jirani anaweza kuachwa hata hapo. Na mtihani bado utakuja kwa Kiingereza. Kwa hivyo kuvuka si kosa, mradi mwalimu ajue anayevuka naye ni nani, na awarudishe wote.

Ajabu ni hii: katika somo la fasihi ya Kiswahili, mwanafunzi hupata alama akitambua kuchanganya na kuhamisha ndimi. Ni mbinu ya mwandishi. Mwalimu wa Kiingereza akiitumia, bado anatazama mlangoni kwanza.