Sala ya Hekalu na Nchi ya Uasin Gishu



Likizo iliyopita nilikaa siku chache Kendwa, kaskazini ya Unguja, kwa jamaa zangu. Jioni moja tuliketi ufukoni pamoja na mzee mmoja, fundi wa vyombo, ambaye amefanya kazi yake siku nyingi huko Nungwi. Mzee huyu hupenda sana habari za kale, na kwa kuwa anajua ya kuwa mimi hufundisha waalimu, hanipi nafasi ya kupumzika. Nilipokwisha kumwamkia, naye kuniitikia marahaba, alisema, "Mwalimu, nasikia Mayahudi humwomba Mungu kila siku hekalu lao lijengwe tena, na yapata miaka elfu na mia tisa sasa. Mimi nikitaka jahazi huomba dua, kisha nikaenda kutafuta mti wa mkuku. Wao mbona hawakutafuta mawe?"

Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Hata nilipoanza kulitafuta, niliona ya kuwa sehemu yake moja imepita katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki, nayo ndiyo sehemu ninayotaka kukaa nayo zaidi leo. Lakini hatuna budi kuanza mbali kidogo.

Hekalu la kwanza, lile la Sulemani, liliteketezwa na majeshi ya Nebukadreza wa Babeli mwaka 586 kabla ya Kristo. Wayahudi walichukuliwa utumwani, na huko walilia na kuomba. Walakini kurudi kwao hakukuwa kwa machozi tu. Kulikuwa na amri ya Koreshi, mfalme wa Waajemi, mwaka 538. Kulikuwa na fedha, na mierezi ya Lebanoni, na mafundi. Kazi ilipolala, Hagai nabii aliwakemea watu waliokaa katika nyumba nzuri hali nyumba ya Mungu ni magofu. Hekalu la pili likamalizika mwaka 515. Baadaye Nehemia alipojenga ukuta wa mji, adui walipotisha, yeye na watu wake walimwomba Mungu na papo hapo wakaweka walinzi, na waashi wakafanya kazi huku silaha zi tayari. Basi mzee wangu wa Kendwa angalikutana na Nehemia, nadhani wangalielewana upesi.

Mambo yaligeuka baada ya mwaka 70. Mwaka huo Warumi, wakiongozwa na Tito, waliliteketeza hekalu la pili. Mwalimu mmoja mkubwa, Yohanani bin Zakai, alianzisha chuo katika mji mdogo wa Yavne, na huko wataalamu wakafundisha ya kuwa sala isimame mahali pa sadaka, mpaka siku hekalu litakaporudi. Miaka sitini ikapita, ndipo alipoinuka Bar Kokhba, shujaa ambaye wengine walimdhani kuwa ndiye Masihi. Vita vyake na Warumi, tangu mwaka 132 hata 135, viliangamiza watu wengi mno, na nchi ya Uyahudi ikabaki karibu tupu.

Msikilizaji asiyekumbuka vita hivyo hataelewa woga uliofuata, kama ni haki kuuita woga. Katika Talmudi, kitabu kikubwa cha wataalamu wao, limo fundisho la viapo: ya kuwa Mungu aliwaapisha Israeli wasipande kwenda nchi yao kwa nguvu kama ukuta mmoja, wala wasiyaasi mataifa. Mkono ulikuwa umekwisha kujaribu, nao ulikuwa umeungua. Hata mwaka 363, Kaisari Juliano alipoamuru hekalu lijengwe upya kwa gharama ya dola, mwandishi wa zama zake, Ammianus Marcellinus, aeleza kwamba moto ulilipuka karibu na misingi ukawachoma wafanya kazi, na kazi ikaachwa. Juliano mwenyewe aliuawa vitani mwaka ule ule.

Ndipo hekalu likahamia kinywani na nyumbani. Myahudi ashikaye dini hulitaja katika sala zake tatu za kila siku. Hufunga siku ya tisa ya mwezi wa Av na kuketi chini kama aliyefiwa. Bwana arusi huvunja gilasi katika furaha yake. Wako waliozoea kuacha kipande cha ukuta wa nyumba bila kupigwa lipu, ili jicho lisisahau. Nilipomweleza mzee habari ya ukuta huo, alinyamaza kitambo. Yeye ni fundi. Kwake, kuacha kazi bila kuimaliza kwa makusudi ni jambo zito.

Lakini nani atakayejenga? Hapo wataalamu hawakupatana. Rashi, mfasiri mkuu wa Ufaransa aliyekufa mwaka 1105, alisema hekalu la mwisho litashuka kutoka mbinguni likiwa limekwisha kujengwa. Musa bin Maimuni, mtaalamu na tabibu aliyekufa Misri mwaka 1204, alisema kujenga ni amri waliyopewa wanadamu, na Masihi mfalme ndiye atakayelisimamisha. Kwa hao wawili kulikuwa na kungoja. Ila mmoja alingoja jengo, na mwingine alingoja mjenzi. Katika karne ya kumi na tisa akatokea Zvi Hirsch Kalischer, rabi wa mji wa Thorn, aliyeandika mwaka 1862 ya kuwa wokovu hautaanza kwa muujiza. Watu wenyewe waanze kurudi na kulima, ndipo Mungu atakapoukamilisha. Rabi wengi hawakumkubali.

Sasa tufike kwetu.

Mwezi wa Aprili mwaka 1903, siku za Pasaka, Wayahudi wa Kishinev katika dola ya Urusi waliuawa na majirani zao. Walikufa 49, na nyumba nyingi zikavunjwa. Theodor Herzl, aliyekuwa kiongozi wa chama cha Wazayuni, alikuwa akitafuta mahali pa kuwapeleka watu hawa, na Sultani wa Uturuki, aliyetawala Yerusalemu, hakumpa. Serikali ya Kiingereza ndiyo iliyojibu. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, alikuwa amepita Mombasa na kusafiri kwa reli mpya ya Uganda mwishoni mwa mwaka 1902, naye akaona nyanda za juu zenye hewa baridi. Mnamo Agosti 1903 ikaandikwa barua iliyofungua mlango wa makao ya Wayahudi huko. Watu waliuita "mpango wa Uganda", ijapokuwa nchi yenyewe, Uasin Gishu, ilikuwa imekwisha kuhamishwa kutoka Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki mwaka 1902. Leo mji wake mkubwa ni Eldoret, katika Kenya.

Mwezi ule ule mkutano wa sita wa Wazayuni ulikutanika Basel, Uswisi. Hapa ndipo niliposhangaa. Ningalidhani ya kuwa rabi, watu walioomba hekalu mara tatu kila siku, ndio wangalilia na kukataa Afrika. Na wale vijana wa Urusi, ambao wengi wao walikuwa wameacha sala, ndio wangaliipokea ardhi yoyote iliyo salama. Mambo yakawa kinyume. Kura zilipohesabiwa, 295 zilikubali kupeleka wajumbe kuitazama nchi, 178 zilikataa. Wakataaji kutoka Urusi walitoka ukumbini, wengine wakaketi chini wakilia kama siku ya tisa ya Av. Nao wajumbe wa Kishinev yenyewe walikuwamo miongoni mwa waliokataa. Lakini chama cha Wazayuni wa dini, kiitwacho Mizrahi, kilichoanzishwa na Rabi Yitzhak Yaakov Reines mwaka 1902, wengi wake walikubali.

Kwa nini? Reines hakuwa ameisahau Yerusalemu. Hoja yake ilikuwa kwamba haja ya watu hutangulia ardhi, na kuokoa roho ni amri. Kwake yeye, hekalu na wokovu wa mwisho vilikuwa mkononi mwa Mungu, wala havikupungua kwa sababu watu wamejisitiri Afrika. Mtu ambaye sala yake imetulia mahali pake, mkono wake huwa huru kufanya kazi ya siku ile. Bali yule aliyekwisha kuacha sala, Sayuni yote alikuwa ameiweka katika udongo ule mmoja. Akinyang'anywa huo, hana kitu kingine. Sisemi ya kuwa hao wa pili walikosa. Nasema tu kwamba jambo hili lilinifundisha kutowahesabu wanaosali kuwa ndio wasiotenda.

Herzl alifunga mkutano ule kwa kuinua mkono wa kuume na kutamka kiapo cha Zaburi ya 137, cha kutoisahau Yerusalemu. Mwaka uliofuata, Julai 1904, akafa.

Wajumbe watatu, Meja Gibbons Mwingereza, Alfred Kaiser wa Uswisi na Nahum Wilbusch, waliteremka Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1905. Walipanda gari la moshi mpaka bara, kisha wakaendelea kwa miguu pamoja na wapagazi. Taarifa yao haikuwa ya kutia moyo. Wilbusch hasa aliona nchi haifai kwa watu wengi. Mkutano wa saba ukaukataa mpango huo mwaka 1905. Walowezi wa Kizungu wa Himaya, wakiongozwa na Lord Delamere, walikuwa wamekwisha kuupigia kelele.

Na wenyewe je? Wamasai walikuwa wamelisha ng'ombe zao katika nyanda hizo, na Wanandi walikuwa kando yake, wakipigana na Waingereza kwa miaka kumi. Mnamo Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa alipokwenda kuonana na afisa wa Kiingereza kwa mazungumzo ya amani. Hakuna aliyewauliza Wanandi wala Wamasai neno lolote juu ya mpango wa Basel. Waliokuja kugawiwa nchi ile walikuwa Makaburu, tangu mwaka 1908.

Juu ya hekalu lenyewe, neno moja zaidi, nami nalisema kwa uangalifu, maana wengi wanaonisikiliza ni Waislamu, na mahali pale ni Haramu Sharifu, penye Msikiti wa Aqsa na Kuba ya Mwamba iliyojengwa na Khalifa Abdul Malik mwishoni mwa karne ya saba. Jeshi la Israeli lilipoutwaa mji wa kale mwezi wa Juni 1967, mkono ulikuwa umepata nguvu ambayo haukuwa nayo tangu Bar Kokhba. Walakini usimamizi wa Haramu uliachwa kwa Wakfu wa Kiislamu, na rabi wakuu wakaweka tangazo la kuwakataza Wayahudi kuingia, kwa sababu ya utakatifu wa mahali. Wapo leo wasiolifuata tangazo hilo. Wanapanda kusali, na wengine wamekwisha kutengeneza vyombo vya hekalu lijalo. Ubishi wa Rashi na Musa bin Maimuni haujakwisha, ila sasa una askari kandokando yake.

Nilimweleza mzee haya yote, na kiza kikatukuta. Nikamalizia kwa habari aliyoipenda kuliko zote. Upande wa pili wa mlima Elgon, si mbali na ile ardhi iliyokataliwa, Semei Kakungulu wa Mbale, aliyekuwa jemadari na Mkristo, alijitahiri mwaka 1919 pamoja na wanawe, akashika dini ya Kiyahudi kwa kusoma Agano la Kale. Hakuna rabi aliyemwita wala mkutano uliompigia kura. Watu wake, Abayudaya, wapo hata leo, ijapokuwa Idi Amin aliwakataza kusali.

"Wanaelekea wapi wakisali?" akauliza.

Yerusalemu, nikamwambia, ambayo kutoka Mbale ni kaskazini.

"Na sisi hapa Kendwa, kibla chetu ni kaskazini," akasema, akainuka kwenda msikitini, maana adhana ya isha ilikuwa imekwisha kuanza.