Historia ya Mshipa wa Kitambaa na Maradhi Yake

Tarehe 29 Machi 1951, mjini Paris, tabibu mpasuaji Charles Dubost alikata kipande kilichovimba cha aota, mshipa mkuu uchukuao damu kutoka moyoni, tumboni mwa mgonjwa wake, akaunga mahali pake mshipa uliotolewa katika maiti. Na kwa tendo hilo maradhi yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa hukumu ya mauti yakaingia katika jumla ya yale yanayotibika.

Walakini mishipa ya maiti ilikuwa adimu, na baada ya miaka kadhaa aghalabu ilitanuka au kujaa chokaa, hata wapasuaji wakageukia vitambaa. Arthur Voorhees wa New York alikwisha kueleza mwaka 1952 habari za mabomba ya kitambaa kiitwacho Vinyon-N aliyowatia mbwa. Naye Michael DeBakey wa Houston, alipokwenda dukani kutafuta nailoni akaikosa, alinunua kitambaa cha Dacron, akakishona kuwa bomba nyumbani kwa cherehani ya mkewe. Kitambaa hicho kikaenea ulimwenguni, kikaokoa roho zisizo idadi.

Lakini kitambaa hakina uhai wa kujikinga. Katika wagonjwa takriban 1 hadi 5 kwa kila 100, vijidudu, hasa stafilokoka wa ngozini, hushika nyuzi zake, vikajifunika utando wa ute usiopenyeka kwa wepesi na dawa, vikakaa humo miezi, pengine miaka. Dalili zake huwa dhaifu: homa ndogo, kukonda, maumivu ya mgongo, usaha kinenani. Baya kuliko yote ni pale bomba linapotoboa utumbo, kwani mgonjwa hutapika damu kidogo kisha akapata nafuu, na tabibu asiyejua habari ya operesheni ya zamani hudhani ni vidonda vya tumbo, hata damu ya pili ikafurika bila ya kuzuilika.

Tiba ya kwanza ilikuwa kung'oa bomba lote, kuziba aota, na kuipitisha damu njia nyingine chini ya ngozi, kutoka kwapani hadi pajani, kama walivyoeleza mwaka 1963 Blaisdell wa San Francisco na Louw wa Cape Town. Njia hiyo iliwaponya wengi, ila mara nyingine kisiki cha aota kilipasuka, au mguu ukapotea. Ndipo mwaka 1993 Clagett wa Dallas akatengeneza aota mpya kwa vena za mapaja ya mgonjwa mwenyewe, na mwaka huo huo Kieffer wa Paris akatangaza matokeo ya kutumia tena mishipa ya maiti: dawa ya Dubost, iliyoachwa kwa sababu ya udhaifu wake, ikarejeshwa kwa kuwa huvumilia vijidudu kuliko kitambaa.

Utambuzi nao umeendelea: picha za CT huonyesha maji na hewa kando ya bomba, na za PET huonyesha mahali sukari yenye mnururisho inapokusanyika kama dalili ya maambukizo. Hata hivyo hakuna kipimo kimoja kitoshacho, na kwa hiyo matabibu wa Uingereza walikusanya mwaka 2016 vigezo vya dalili, picha na maabara pamoja. Basi ni wajibu wa kila tabibu, amwonapo mwenye homa isiyojulikana asili na kovu refu tumboni, amwulize kwanza kovu hilo lilitoka wapi. Maana vifaa vyote hivyo havifai kitu mpaka mtu ameyashuku maradhi haya.