Kuganda si barafu tu

Asubuhi ya Julai kule Lushoto, inua chupa ya mafuta ya nazi uipindue: hayatoki. Yamekuwa meupe, yameshikana kama nta. Tunasema yameganda. Jua likipanda yanayeyuka, yanamiminika tena.

Nalipenda neno hili, ila darasani huwakwaza watoto. Wakishaambiwa maji huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, hudhani pasipo barafu hapana kuganda. Sivyo. Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi 24 hivi, joto ambalo mtu wa Lushoto huvua sweta. Chuma kilichoyeyushwa huganda kwenye nyuzi 1,538, na hapo bado kinang'aa kwa moto. Kila kitu kina kiwango chake. Kuganda ni umajimaji kugeuka yabisi, basi.

Maziwa mgando na damu ya kidonda ni habari nyingine. Neno ni lile lile, lakini maziwa yameshikanishwa na uchachu, na damu ina protini zake za kuizuia isivuje. Baridi haimo.

Walimu wa sayansi, tafadhali, anzeni na chupa ya mafuta ya nazi, barafu ifuate.