Chumvi ilifika, unga umekwama wapi?



Leo tuongelee unga. Najua wengine mlikuja hapa mkitegemea siasa, lakini unga nao ni siasa, tena ile inayoingia tumboni kila siku saa saba mchana.

Mwaka 2011 serikali yetu ilitoa kanuni za kuongeza virutubishi kwenye vyakula. Unga wa ngano na wa mahindi uwekwe madini ya chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12. Mafuta ya kula yawekwe vitamini A. Mwaka 2013 Rais Kikwete akauzindua mpango huo kitaifa. Sasa sikilizeni hesabu hii. Mwaka 2010, kabla ya kanuni hizo, utafiti wa kitaifa wa afya ulikuta watoto 59 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu. Utafiti wa aina hiyo hiyo ukarudiwa mwaka 2022. Ulikuta wangapi? 59.

Naomba niwe mkweli: upungufu wa damu una baba wengi. Kuna malaria, kuna minyoo, na mtoto wa mwaka mmoja halii ugali wa kutosha hata huo unga ukiwa na kila kitu. Lakini kanuni iliyokaa zaidi ya miaka kumi bila namba kutikisika inatulazimisha tuulize: hivi huo unga ulimfikia nani?

Nauliza hivyo kwa sababu tuna mfano wa kanuni iliyofika. Chumvi.

Huku kwetu kanda ya ziwa chumvi ilikuwa bidhaa ya safari. Wazee wa Kisukuma walikuwa wakitembea kwa miguu mpaka Ziwa Eyasi kuichota, na nyingine ilitoka kwenye chemchemi za Uvinza, Kigoma. Hakuna aliyeitia iodini. Samaki wa ziwa letu nao ni wa maji baridi, hawana iodini ya kutegemewa kama wale wa baharini. Nchi nzima, hasa mikoa ya bara na ya milimani, tezi la shingo lilikuwa jambo la kawaida, watu wakadhani ni la ukoo au la kurogwa. Na tezi ndilo linaloonekana tu. Mama akikosa iodini wakati wa ujauzito, kinachoumia zaidi ni ubongo wa mtoto.

Dawa yake ilijulikana siku nyingi. Uswisi walianza kutia iodini kwenye chumvi mwaka 1922, jimbo la Michigan kule Marekani likafuata mwaka 1924. Sisi tulianza miaka ya 1980 kwa kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya zilizoathirika zaidi, Taasisi ya Chakula na Lishe ikiwa mstari wa mbele. Halafu, miaka ya 1990, zikaja kanuni: chumvi yote ya kula iwekwe iodini. UNICEF wakasaidia mashine. Ndipo tukaanza kusikia maneno "chumvi yenye madini joto". Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ukakuta kaya kama 84 katika kila 100 zina chumvi hiyo, na tezi la shingo kwa watoto wa shule limeshuka hadi asilimia 7, kutoka kama robo ya watu waliopimwa miaka ya 1980.

Kwa nini chumvi ilifaulu? Jibu langu ni rahisi: hakuna anayelima chumvi uani kwake. Tajiri ananunua, maskini ananunua, na yote inapita kwenye milango michache kabla ya kufika dukani. Ukiishika milango, umeishika nchi.

Na pale milango ilipokuwa mingi, hata chumvi ilikwama. Lindi na Mtwara, ambako wazalishaji wadogo ni wengi, chumvi yenye iodini ilibaki nyuma ya mikoa mingine. Pemba ikashangaza zaidi. Wengi waliamini watu wa baharini hawana shida ya iodini, lakini watafiti walikuta tezi la shingo kwa watoto wa Pemba ni kubwa kuliko la Unguja, kwa sababu chumvi iliyotumika kisiwani humo karibu yote ilikuwa haijatiwa kitu. Shikeni hapo, maana ndipo hadithi ya unga inapoanzia.

Kuna wakati unga wetu nao ulikuwa na mlango mmoja. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, viwanda vikubwa vya kusaga vilitaifishwa, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Usagishaji la Taifa, ile NMC ambayo wazazi wetu hawaisahau. Sembe ya mijini ikawa ya NMC, kwa bei iliyofidiwa na serikali. Njaa ilipobisha tukaletewa mahindi ya njano, watu wakaubatiza unga wake "yanga" na kuubeza. Kichekesho ni kwamba ile rangi waliyoicheka inatokana na jamii ya viini ambavyo baadhi yake mwili hugeuza kuwa vitamini A. Sembe nyeupe haina.

Fikirieni: shirika moja, viwanda vinavyohesabika, nchi nzima ya mijini inakula kutoka humo. Kama kanuni ya virutubishi ingekuwepo wakati ule, ingehitaji amri moja tu. Haikuwepo. Mwaka 1984 ruzuku ya sembe ikaondolewa, soko likafunguliwa, NMC ikafifia, na mashine za kusaga zikaota kila mtaa. Kanuni ilipokuja mwaka 2011 ilikuta mlango mmoja umegeuka kuwa maelfu. Kwa vitendo ikaanza na vile viwanda vikubwa vinavyoonekana.

Nilipita kwenye mashine tatu hapa Buzuruga, pembeni kidogo ya barabara ya Musoma, kuuliza kama kuna anayeongeza virutubishi. Wawili walidhani nimetumwa na watu wa kodi. Wa tatu, mama wa makamo mwenye kitambaa cheupe kwa vumbi, alipokea shikamoo yangu akaniambia:

"Mwanangu, mimi sina unga. Mwenye unga ni huyo mwenye debe. Ananiletea mahindi, nakoboa, nasaga, anaondoka na mali yake. Hivyo vidawa nimwekee nani, na nani atanilipa?"

Hiyo ndiyo hoja yote, na ameisema vizuri kuliko mimi. Kanuni iliandikwa ikimfikiria mwenye kiwanda, anayenunua mahindi, anasaga, anafunga kwenye mfuko wenye jina lake. Yule mama hauzi unga, anauza huduma ya kusaga. Na akikoboa, kiini na pumba vinabaki chini ya mashine pamoja na sehemu kubwa ya vitamini na madini, vinakwenda kwa ng'ombe na kuku. Sembe nyeupe inarudi nyumbani ikiwa safi na masikini.

Matokeo yake, kanuni inatulinda sisi kwanza: tunaokula mkate, chapati na sembe ya mfuko kutoka supamaketi. Anayekula ugali wa debe la mahindi na mafuta ya alizeti au pamba yaliyokamuliwa mtaani, ambaye ndiye anayehitaji zaidi, yuko nje ya uzio.

Mtasema ale dona na dagaa. Sawa, na mimi nalihubiri hilo. Lakini dona haina vitamini B12, na chuma yake mwili huipata kwa shida. Dagaa wanavyo vingi, ila sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili inaishia kwenye chakula cha kuku. Halafu kuna jambo ambalo hotuba ya mlo kamili haiwahi. Uti wa mgongo wa mtoto hufungwa ndani ya wiki nne za kwanza za mimba. Mama anapojua ana mimba na kwenda kliniki kupewa vidonge vya foliki asidi, wakati umeshapita. Ndiyo maana Marekani waliiweka kwenye unga mwaka 1998, na Afrika Kusini mwaka 2003 wakaiweka kwenye ngano na mahindi pia. Afrika Kusini watoto wanaozaliwa na kasoro za aina hiyo, kama mgongo wazi, wakapungua kwa karibu theluthi moja. Sisi tunaendelea kuwapeleka Bugando kufanyiwa upasuaji, wale wanaowahi kufika.

Vitamini A nayo si mapambo. Pale hospitali ya Mvumi, Dodoma, madaktari waliwagawa watoto 180 waliolazwa kwa surua. Waliopata matibabu ya kawaida walikuwa 88, wakafa 12. Waliopata na vitamini A walikuwa 92, wakafa 6. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987 na yakasomwa dunia nzima. Ushahidi ulitoka hapa hapa kwetu, ndugu zangu.

Je, mashine ya mtaani haiwezekani? Inawezekana. Shirika linaloitwa Sanku limekuwa likifunga kwenye mashine ndogo nchini kifaa kinachopima uzito wa mahindi na kudondosha kiasi sahihi cha virutubishi. Gharama wameificha kwa akili: msagishaji ananunua mifuko yake mitupu kwao, na faida ya mifuko inalipia virutubishi. Swali la "nani atanilipa" wamelijibu. Lakini wamelijibu kwa anayefunga unga kwenye mfuko. Mama wa debe bado hajajibiwa.

Mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulitoka TFDA ukahamia TBS. Ombi langu kwao na kwa halmashauri zetu ni moja: tusihesabu tena viwanda vilivyotii, tuhesabu sahani zilizofikiwa. Mashine za Buzuruga zinajulikana, zinalipia leseni, zina mita za umeme. Serikali inayojua namna ya kuzifikia kudai kodi haiwezi kushindwa kuzifikia na kopo la virutubishi, kwa bei ya ruzuku, kijiko kwa debe.

Naomba kutoa hoja.