Mtoto akipata degedege, weka kijiko chini

Mtoto akianza kutetemeka ghafla, macho yamegeuka juu na meno yamekazana, wengi wetu mkono hukimbilia kijiko. Kliniki nikiwauliza akina mama watafanya nini, jibu ni lile lile: nitamshika kwa nguvu, nitamtia kijiko asimeze ulimi. Umejifunzia wapi, mama? Kwa bibi, kwa jirani, au kwenye tamthilia.

Tamthilia zenyewe zimeshachunguzwa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, walitoa matokeo baada ya kutazama vipindi 327 vya tamthilia za hospitali za Marekani, zikiwemo Grey's Anatomy, House na ER. Walikuta matukio 59 ya mgonjwa kukakamaa na kutetemeka. Karibu nusu ya mara, "madaktari" na "wauguzi" wa kuigiza walikosea: walimbana mgonjwa, walizuia mitetemo au walimtia kitu mdomoni. Wamevaa koti jeupe, nasi tunaamini.

Ulimi haumezwi. Umeshikiliwa chini ya mdomo, hauna pa kwenda. Ila mtoto akilala chali unaweza kurudi nyuma ukaziba njia ya hewa, na tiba yake ni kumlaza ubavu. Kijiko kinavunja meno, kinachana fizi, na jino lililovunjika linaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Nimepokea mtoto ambaye degedege lilikuwa limeisha zamani, lakini damu ya mdomoni bado inatoka kwa sababu ya kijiko.

Basi fanya hivi. Mlaze chini ubavu, mahali pasipo na jiko wala kitu kigumu cha kujigonga. Legeza nguo shingoni. Mate au matapishi yaache yatoke yenyewe. Usimbane mikono na miguu, usimmwagie maji, usimpe dawa wala maji ya kunywa mpaka aamke kabisa. Tazama saa. Najua dakika moja hapo ni kama saa nzima, lakini muda huo tutakuuliza. Likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajaamka, ni dharura kubwa: ondokeni papo hapo hata kama bado anatetemeka.

Hata likiisha upesi, mlete siku hiyo hiyo bila kungoja asubuhi. Ni kweli watoto wengi wa miezi 6 hadi miaka 5 hupata degedege kwa sababu ya homa tu, likaisha lenyewe bila kuwaachia madhara, na wengi wao hawapati kifafa baadaye. Lakini malaria kali, homa ya uti wa mgongo na sukari kushuka pia huanza hivyo hivyo, na kwa macho huwezi kutofautisha. Hata mimi siwezi bila kipimo.

Kuna neno jingine linalotuumiza zaidi ya kijiko: kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo anafukizwa kwanza, anapelekwa kwa mganga, na siku ya pili ndipo anafika zahanati akiwa hoi. Akifariki baada ya sindano, lawama ni ya sindano. Kilichomuua ni ugonjwa uliopewa siku nzima ya kufanya kazi. Simlaumu bibi aliyeshauri hivyo, alikuwa anaokoa kwa alichonacho. Mwambie nawe utakuja naye, aje asikie.

Njiani, iwe bajaji au bodaboda, usimbebe mgongoni kwa khanga akiwa hajaamka, maana hutamwona akitapika au akibadilika. Mpakate mapajani, amelala ubavu, uso wake ukiuona. Ukifika usikae kwenye foleni. Sema mlangoni, kwa sauti: "Mtoto wangu amepata degedege."